Leo darasa la tano tumepika mlenda

Wiki mbili nzima nilikuwa nachora makundi ya chakula ubaoni, wanafunzi wananakili, basi. Leo tumetoka nje, chini ya mbuyu wa shule: mafiga matatu, sufuria, na vitu ambavyo kila mtoto alibeba kutoka kwao. Unga wa uwele, karanga, nyanya, ubuyu.

Binti mmoja alikuwa ameficha mlenda wake mkavu kwenye mkoba. "Mwalimu, hiki si chakula cha kijijini?" Iliniuma kweli. Nikamwomba yeye ndiye atufundishe. Akasubiri maji yachemke, akanyunyiza ule unga wa mlenda kidogo kidogo kwa mkono mmoja, mwingine unakoroga, kisha akatia karanga zilizotwangwa. Mlenda ulipoanza kuvutika kwenye mwiko, wenzake walikuwa wamemzunguka, kimya kabisa.

Hapo ndipo nilipoeleza, na safari hii walisikiliza: majani ya mlenda yana madini ya chuma, karanga zina protini na mafuta, na ubuyu una vitamini C inayosaidia mwili kuyafyonza hayo madini. Ubuyu tuliukoroga na maji, bila rangi, sukari kiduchu. Walikunja nyuso, halafu wakaomba waongezewe.

(Kunawa mikono kulichukua muda kuliko kupika, ndoo ilikuwa moja. Mwenye ndoo ya koki asiyoitumia, naomba tuwasiliane.)

Ugali wa uwele haukubaki hata tonge. Wiki ijayo ni kunde na mchicha, na yule binti ameshasema ataleta kinu cha bibi yake.