Bibi na Mtepe wa Beit el-Ajaib

Juzi tulipita Forodhani, mjini Unguja, mwanangu akalitazama Beit el-Ajaib, lile jumba la zamani la sultani, lililozungushiwa mabati, akaniuliza: "Mama, humo ndani mlikuwa na nini?" Nikamtajia nguzo za chuma na milango ya nakshi. Ya Bibi sikuyasema, maana si ya kusimulia wima njiani.

Wakati huo jumba lilikuwa bado makumbusho. Tulitoka Jambiani na gari ya alfajiri, Bibi kajitanda kanga mpya kama anayekwenda harusini. Mjini alikuwa akija kwa maziko na kwa wagonjwa. Siku ile alikuja kutembea tu. Darajani tulipita upesi, vichochoro vya Hurumzi vivyo hivyo, jua likiwa kali tukaingia ndani.

Katikati ya ukumbi ulikuwepo mtepe. Chombo kizima, mbao zake zimeshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, kama vile ambavyo Wareno walivikuta pwani hii walipofika 1498. Wageni walikuwa wakiinua vichwa kutazama roshani. Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye mshono, akainama, akaupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kamba, taratibu, tundu hadi tundu.

"Bi mkubwa, tafadhali, haiguswi," msimamizi akasema.

"Mwanangu, hii kamba ya makumbi ya nazi. Mie ndiyo kazi yangu."

Akamfungulia viganja. Vilikuwa vigumu, vinang'aa katikati, pale kamba inaposokotewa. Yule kijana akanyamaza, na Bibi akaendelea kumsomea mshono ule: hapa makumbi yamekaa pwani hasa, nyuzi zimetakata; pale fukuo limefanywa mapema, maganda bado yamo. Sisi tuliokulia huko tunaijua kazi hiyo. Makumbi hufukiwa mchangani miezi na miezi, yakawekewa mawe yasichukuliwe na maji, yakishaoza yafukuliwe na kupigwa kwa mti hadi zibaki nyuzi. Harufu yake haitoki nguoni kwa kufua mara moja. Na wanaoifanya ni wanawake.

Kijana akamweleza vizuri habari za mafundi seremala na jinsi tanga la mtepe lilivyokuwa la ukili, majani yaliyosukwa. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na waliosokota?"

Hakuwa na jibu. Aliahidi kuulizia, na naamini alikuwa mkweli.

Sehemu ya jumba lile ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wakafa. Bibi alikuwa ameshatangulia. Watu wanamtaja Sultan Barghash aliyelijenga na mwaka wa 1883, na ni haki atajwe. Mimi swali la Bibi ndilo linalonisumbua, na sijui hata niende kumuuliza nani. Huenda hakuna daftari popote lililowahi kuandika majina hayo.

Jioni tulikunywa urojo, tukawahi gari. Nilidhani atasinzia. Badala yake tangu tunatoka mjini alikuwa akipiga hesabu: chombo kama kile kitakula pima ngapi za kamba, nani wa kupiga, nani mwenye mkono wa kusokota nyembamba. Alitaja wanawake wa mtaa wetu mmoja mmoja. Tulipofika Paje akaona hawatoshi, akaanza kuwahesabu na wa pale.