Umetoka KCSE na unataka kufanya SAT? Anzia kwenye kusoma

Kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza Kidato cha Nne hapa Kenya, yakishatangazwa, simu yangu haipumziki. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili huku Eastlands, Nairobi, na Jumamosi hukaa na vijana wachache waliomaliza Kidato cha Nne ambao wanataka kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo vingi huangalia alama za SAT, mtihani wa hisabati na Kiingereza. Swali lao la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, hesabu za SAT ni ngumu kuliko za KCSE?"

Si ngumu. Aliyepata B ya hisabati kwenye KCSE amesoma mengi kuliko yanayotahiniwa kule. Matrisi, vekta, longitudo na latitudo, kalkulasi, hayo yote hayaulizwi. Sehemu kubwa ni aljebra: milinganyo ya mistari, ya kipeo cha pili, na fanksheni. Baada ya hapo kuna asilimia, uwiano, takwimu, na jiometri pamoja na trigonometria kidogo. Kipya kwa wengi ni maswali ya utafiti wa sampuli, hasa ukingo wa kosa (kiasi ambacho makadirio ya sampuli yanaweza kukosea), na vipimo vya Kimarekani kama futi, inchi na maili.

Kinachowasumbua wanafunzi wetu ni namna ya kujibu. Kwenye karatasi ya KCSE una saa mbili na nusu, unaandika njia yako hatua kwa hatua, na msahihishaji anakupa alama za njia hata jibu la mwisho likipotoka. Ni utaratibu mzuri na ninauamini. Lakini SAT hufanywa kwenye kompyuta, na kompyuta haitazami njia. Kuna maswali 44 ya hisabati katika moduli mbili, yaani sehemu mbili, za dakika 35 kila moja, yaani dakika moja na nusu hivi kwa swali. Jibu ni sahihi au si sahihi, basi.

Chukua mfano huu ninaopenda kuwapa. 3x + 2y = 16, na 2x + 3y = 19. Thamani ya x + y ni ngapi? Mwanafunzi wa KCSE huanza mara moja kuondoa kigeu kimoja, anazidisha mstari wa kwanza kwa tatu, wa pili kwa mbili, anatoa, anapata x ni 2, anaiona 2 kwenye machaguo, anaibonyeza. Hakuulizwa x. Angejumlisha milinganyo yote miwili angepata 5x + 5y = 35, na jibu ni 7, bila kujua x wala y. Hesabu aliijua vizuri sana. Swali ndilo ambalo hakulisoma hadi mwisho.

Kikokotoo kinaruhusiwa katika maswali yote ya hisabati, na ndani ya programu ya mtihani, iitwayo Bluebook, mna Desmos, kikokotoo kinachochora grafu. Jifunze kuitumia mapema. Andika milinganyo miwili, bonyeza pale mistari inapokatana, umemaliza.

Sasa nije kwenye sehemu ninayotaka isisitizwe zaidi, ingawa mimi si mwalimu wa Kiingereza. Nusu ya alama za SAT, 800 kati ya 1600, hutoka kwenye Kusoma na Kuandika: maswali 54 kwa dakika 64, pia katika moduli mbili. Huandiki insha yoyote. Unapewa kifungu kifupi, cha maneno 25 hadi 150, swali moja, halafu kifungu kingine kabisa. Hapa sayansi, pale shairi, kisha historia. Mpwa wangu, msichana aliyemaliza shule ya bweni juzi tu na aliyepata A ya Kiingereza, aliniambia, "Mjomba, hivi vifungu vifupi vinanichosha kuliko insha ndefu."

Nikakaa naye kuona anakosea wapi. Kifungu kimoja kilihusu mimea inayoota kwenye udongo wenye chumvi. Alichagua jibu alilolijua kutoka somo la Biolojia, jibu la kweli kabisa, ila kifungu hakikusema hivyo. Shuleni tunamsifu mwanafunzi anayeleta maarifa ya ziada. Hapa ushahidi wote uko ndani ya maneno yale machache, na chochote cha nje ni mtego. Kwa hiyo tukaweka sharti: kabla hajatazama machaguo, anieleze kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, kifungu kimesema nini. Mwanzoni alinuna kidogo. Lakini ukilazimika kulisema jambo kwa lugha unayoizungumza nyumbani, huwezi kujificha nyuma ya msamiati, na mara moja unajua kama umeelewa au la. Asubuhi alikuwa akisomea maktaba ya Makadara, makala moja ya sayansi na tahariri moja ya gazeti kila siku, kwa utaratibu huo huo.

Sarufi ya Kiingereza kwenye SAT ina kanuni chache zinazorudi kila mtihani. Sentensi mbili kamili haziunganishwi kwa koma peke yake: weka nukta, au nukta-mkato, au koma na kiunganishi. Hiyo moja tu ikikuingia itakupa alama kadhaa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: moduli ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Ukifanya vizuri, unapewa ya pili iliyo ngumu zaidi, na alama za juu ziko huko. Ukiboronga ya kwanza, ya pili inakuwa rahisi na alama zako zina dari. Kwa hiyo usikimbie mwanzoni. Na usiache swali lolote wazi, kwa sababu jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.

Kuhusu kalenda, nawaomba wazazi wanisikilize. Mitihani ya SAT ya Oktoba na Novemba inaangukia wakati wa maandalizi na mitihani ya KCSE, na vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari. Mtoto wa bweni asiye na laptopu wala simu atajiandaa saa ngapi? Ushauri wangu ni amalize KCSE kwanza kwa utulivu, kisha afanye SAT Machi, Mei au Juni, na aombe chuo mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka huo haujapotea.

Mjini kuna watu wanaotoza pesa nyingi wakiahidi alama 1500. Kabla hujawapa shilingi, maliza vya bure. Programu ya Bluebook, ile ile ya mtihani wenyewe, ina majaribio kamili, na tovuti ya Khan Academy ina mazoezi ya kila mada. Weka akiba kwa ada ya mtihani, maana msamaha wa ada hiyo haumhusu Mkenya anayeufanyia hapa. Na uliza kwanza kama chuo unachokitaka kinahitaji alama hizi. MIT na Harvard wamerudi kuzitaka. Vyuo vya University of California havizitazami kabisa. Ofisi ya EducationUSA, kwenye ubalozi wa Marekani kule Gigiri, hutoa ushauri huo.

Bluebook haifanyi kazi kwenye simu. Ukiazima laptopu, iazime mapema, weka programu, fanya jaribio zima nayo uone betri inadumu kiasi gani, na zoea kibodi yake. Intaneti ikikatika katikati ya mtihani usishtuke, endelea kujibu. Inahitajika mwanzoni na wakati wa kutuma majibu.

Halafu majina. Sisi tuna majina matatu, na fomu ya kujisajili SAT inataka la kwanza na la ukoo. Jina ulilojisajili nalo lazima lilingane na lile la kitambulisho utakachobeba, kitambulisho halisi chenye picha, si nakala wala picha kwenye simu. Wanaokuja Jumamosi hii waje nacho, tujaze fomu pamoja kabla nafasi za Nairobi hazijajaa.