Oktoba Nairobi: Majengo Mashuhuri na Maua ya Mijakaranda

Mgeni anayekwenda Nairobi na kamera atafaidi zaidi akienda mwezi wa Oktoba. Majengo mashuhuri yapo mwaka mzima, lakini kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, kabla mvua za vuli hazijakolea, mijakaranda iliyokwisha kupukutisha majani huchanua karibu yote kwa wakati mmoja, na jiji ambalo kwa kawaida hupigwa picha kama jiji la vioo na zege hujaa zambarau. Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, ambako mti unaotangaza mwisho wa mwaka ni mkrismasi na maua yake mekundu, kwa hiyo nilikwenda nikiwa na hamu ya kuona msimu wa wenzetu. Nilichokuja kukithamini zaidi ni namna maua hayo yanavyomsaidia mgeni kuelewa jinsi jiji lilivyopangwa, na ni akina nani waliopangiwa.

Mjakaranda si mti wa Kenya. Asili yake ni Amerika Kusini, pande za Argentina na Bolivia, na ulifika Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Anayetajwa zaidi kwa kuupanda kando ya barabara za Nairobi ni Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za jiji aliyeanza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940. Miti mingi mikubwa anayoiona mgeni leo katikati ya jiji ilikuwapo kabla ya maghorofa yanayoizunguka, na mpiga picha akilikumbuka hilo hataifanya kuwa pambo tu la kuwekwa pembeni mwa fremu.

Jambo la kwanza la kujifunza Nairobi ni jua. Jiji liko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta. Siku chache baada ya tarehe 23 Septemba jua la saa sita mchana hupita utosini kabisa, na kwa sehemu kubwa ya Oktoba halisogei mbali na hapo. Kwa hiyo katika msimu wenyewe wa maua, kuta za majengo hazipati mwanga wa ubavuni kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Maua ya juu hupauka kwa mwanga mkali, na ya chini hubaki gizani. Saa zinazofaa ni zile za kuanzia macheo hadi saa tatu, kisha saa kumi hadi kumi na mbili jioni. Baada ya hapo giza huingia haraka, na anayesubiri machweo marefu kama ya nchi za mbali na ikweta atayasubiri bure.

Alasiri ningemshauri kila mgeni aende bustani ya Uhuru Park, apande upande wake wa juu, wa magharibi, kisha ageuke kuliangalia jiji. Saa hizo jua liko nyuma ya mgongo wake na linapiga moja kwa moja mnara wa KICC, jumba la mikutano ya kimataifa lenye ghorofa 28 lililobuniwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei pamoja na David Mutiso, na kufunguliwa mwaka 1973. Kuta zake zina rangi ya udongo wa chungu, na rangi hiyo ikikaa nyuma ya zambarau, kila moja huipa nyingine nguvu kwa namna ambayo jengo la kioo haliwezi. Nilitumia lenzi ndefu ili mnara usogee karibu na vilele vya miti, nikaacha maua yachukue zaidi ya nusu ya picha.

Mandhari hayo yangeweza kabisa kutokuwapo. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo, na Profesa Wangari Maathai akasimama kuupinga kwa barua na kwa sauti, huku akitukanwa hadharani na wanasiasa, mpaka mpango ukaachwa. Ninaamini picha yoyote inayopigwa kutoka kwenye nyasi zile ina deni kwake. Kando ya bustani, upande wake wa chini, sasa inapita barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022 na yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Wapo wapiga picha wanaoificha nyuma ya matawi. Mimi niliiacha ionekane, nguzo zake na magari yake, kwa sababu ndiyo Nairobi ya leo na maua yanachanua kando yake.

Asubuhi mahali pangu palikuwa University Way. Maua huanguka usiku kucha, na alfajiri njia ya miguu huwa imefunikwa kabisa kabla wafagiaji hawajafika. Siku moja nilimkuta mama mmoja ameshaanza kazi upande wa pili wa barabara, nikamsalimu na kumwomba ruhusa ya kupiga picha kipande ambacho hajakifikia. Akakubali, akasimama kunipisha. "Piga haraka, dada," akaniambia, "mvua ikinyesha haya yote ni matope." Nilichuchumaa nikaokota ua moja. Linafanana na tarumbeta ndogo, lina urefu wa nusu kidole hivi, mdomo wake umegawanyika sehemu tano, na ndani ya koo lake jeupe umelala uzi mmoja wenye manyoya, mrefu kuliko vijiti vya chavua. Nje yake kuna vinyweleo laini ambavyo huonekana tu mwanga ukija kwa ubavu. Juu, kati ya mashada, vilining'inia vifuko vya mbegu vya mwaka uliopita, vigumu, bapa, vya rangi ya kahawia, na nikagundua kuwa picha za mijakaranda zinazovutia zaidi ni zile zilizoviacha vionekane.

Zambarau hii huzisumbua kamera, hasa za simu, ambazo huigeuza kuwa buluu. Chini ya mti kivuli huangazwa na anga, na mwanga wa anga una ubuluu mwingi kuliko jicho linavyotambua. Dawa yake ni rahisi: weka karatasi nyeupe kivulini hapo hapo, ipige picha, kisha uiambie kamera kwamba huo ndio weupe. Asubuhi zenye mawingu, ambazo Nairobi haikosi, ni nzuri kwa maua ya karibu, ila anga la kijivu liachwe nje ya fremu.

Katika Kenyatta Avenue nilisimama muda mrefu mbele ya sanamu tatu za shaba za askari na mchukuzi wa Vita Kuu ya Kwanza, kazi ya James Alexander Stevenson, ambaye ndiye aliyechonga pia Sanamu ya Askari ya kwetu Dar es Salaam. Ikulu haipigwi picha, ingawa miti ya barabara inayoelekea huko inapendeza mno. Na mbele ya Bunge na ofisi za serikali ni busara kumuuliza askari wa zamu kabla ya kuinua kamera.

Mwisho nilipanda juu ya KICC, ambako wageni huruhusiwa kwa kiingilio. Ukitazama magharibi na kaskazini-magharibi, kuelekea Chuo Kikuu, Kilimani na Kileleshwa, unaona mistari na mabaka ya zambarau yanayoenda mbali. Ukigeuka mashariki, zambarau inapungua na mabati yanaongezeka. Wapangaji wa kikoloni waliwatengea Wazungu miinuko ya magharibi, Wahindi wakapewa maeneo kama Parklands, na wafanyakazi Waafrika wakapelekwa Eastlands, na bustani na miti ya barabarani vilifuata mgawanyo huohuo. Nilipiga picha mbili kutoka pale juu, moja ya magharibi na moja ya mashariki, kwa lenzi ileile na jioni ileile, na nimeziweka hapa zikiwa pamoja kwa sababu sioni sababu ya kuonyesha ile ya kwanza peke yake. Eastlands yenyewe sikupata nafasi ya kuizunguka na kamera. Msomaji anayeishi Kaloleni, Makadara au Buruburu, tafadhali niambie ni mtaa gani huko wenye mijakaranda mizuri, nami nitaanzia hapo Oktoba ijayo.