Simbi za Kariokor

Jumamosi nilikwenda soko la Kariokor, Nairobi, kutafuta ndara za ngozi. Mzee anayezishona alinipa jozi yenye simbi kwenye ukanda, nikazishika nikasahau hata kuuliza bei.

"Zinakubana, mama?"

Hazikunibana. Mawazo yalikuwa Barbados, kisiwa cha Karibi.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Bridgetown, mji mkuu wake, na siku ya mwisho nikajiunga na kikundi kilichokuwa kikitembezwa mjini kwa miguu. Aliyetuongoza, mama mmoja mwenye mwavuli, alianzia National Heroes Square, mahali sanamu ya Nelson, amirali wa Uingereza, ilipokaa tangu 1813 hadi ilipoondolewa Novemba 2020. Ilikuwa na miaka mitatu tu pale, alisema, mtumwa Bussa na wenzake walipoasi kwenye mashamba ya miwa, Pasaka ya 1816. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, Uingereza ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Wakalipwa waliomiliki watu. Waliomilikiwa hawakuona hata senti, na wengi walishikiliwa kazini kwa mabwana wale wale hadi 1838. Hapo mama yule alifunga mwavuli, akanyamaza kwa muda.

Mchana tulipanda gari hadi Newton, shamba la miwa la enzi za utumwa. Nilitarajia makaburi, nikakuta uwanja wa nyasi na miwa pembeni. Chini yake wamelala watumwa wapatao 570, bila jiwe, bila jina. Wachimbuaji walimkuta mwanamume mmoja, huenda alikuwa mganga, amezikwa na kiko cha udongo na mkufu: meno ya mbwa, mifupa ya samaki, shanga na simbi. Simbi za aina ile hazizaliwi bahari ya Karibi. Asili yake ni Bahari ya Hindi, bahari yetu hii. Watu wasiomiliki hata miili yao walimvisha mwenzao mkufu ule wakamfukia nao, na hakuna bwana aliyeupata. Sijaacha kuwawaza.

Nilimsimulia mzee yote. Akaweka nyundo chini. Akanikumbusha kwamba Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 wakafa kwa makumi ya maelfu. Babu yake alichukuliwa huko, hakurudi, na hakuna anayejua alipozikwa. Nyumbani kimebaki kigoda chake.

"Hakikaliwi na mtu," alisema, akizifunga ndara zangu kwa gazeti.