Koki Iliyo Chini ya Tangi: Siku Yangu Moja Kwenye Bodaboda, Nairobi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Pikipiki yangu hulala ndani ya chumba tunachoishi Kangemi, kati ya mlango na kitanda cha mwanangu, kwa sababu nikiiacha nje itaibwa. Kabla ya kuisukuma hadi uani, napitisha kidole chini ya koki ya petroli kuhakikisha kuwa ni pakavu. Kisha nageuza kishikio kielekee chini, nasubiri kidogo kabureta, kile kifaa kinacholisha injini petroli, ijae, ndipo napiga kiki.

Kuanzia saa kumi na mbili nilibeba wanafunzi, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku na mama mboga aliyekuwa na magunia mawili ya sukuma wiki. Saa mbili nilikunywa chai stegini, na kijana mwenzetu akaazima pikipiki yangu apeleke mzigo karibu.

Saa tatu alikuja mzee mmoja mwenye suti na bahasha, akaniomba nimfikishe Upper Hill kabla ya saa nne kwa shilingi 300. Tulipita Waiyaki Way vizuri, tukakata kona kutoka Uhuru Highway, na tulipoanza kupanda Valley Road injini ikakohoa. Sikushtuka. Geji ya pikipiki yangu ilikufa zamani, na koki ndiyo inayonipimia mafuta: ndani ya tangi mna mirija miwili, mrefu na mfupi, na petroli ikishuka chini ya ncha ya ule mrefu injini hukata, nami nageuza kishikio kielekee juu, kwenye rizavu, ili ule mfupi uvute kilichobaki chini. Hilo hulifanya kwa mkono wa kushoto huku naendelea kwenda, macho yakiwa barabarani. Safari hii vidole vyangu vilikuta kishikio kimeshaelekea juu.

Nilielewa papo hapo. Yule kijana aliishiwa njiani, akaweka rizavu, akarudisha pikipiki bila kusema neno, nami sikukagua. Hilo linaniuma hadi sasa, kwa kuwa rizavu isiyojulikana na dereva si akiba tena.

Matatu zilikuwa zinatupigia honi nyuma yetu, mzee ameshuka, ananiambia, "Nyinyi watu wa boda hamjui hata kuweka mafuta, kazi yenu ni kuharakisha watu makaburini." Nilimjibu, "Nisamehe mzee, nipe dakika moja." Tangi la pikipiki hukaa juu ya fremu kama shogi juu ya punda, kwa hiyo mafuta yakipungua sana, ya upande wa kulia hunaswa huko, yasifike kwenye koki iliyo kushoto. Niliilaza pikipiki upande wa kushoto hadi usukani ukakaribia lami, nikiibeba kwa paja na kiuno, nikasikia petroli ikimwagika ndani ya tangi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Niliisimamisha, nikapiga kiki mara nne, ikawaka, na tukafika kituo cha mafuta. Mzee aliwahi miadi yake. Hata hivyo alinipa shilingi 200, akaondoka bila kuniangalia.

Mchana sikumbuki vizuri ulivyokwenda. Jua, kisha mvua, kisha foleni ya Westlands, na mgongo ambao tangu pale Valley Road ulikuwa unawaka moto.

Usiku, nikibakiza mita mia chache kufika nyumbani, nilifunga koki injini ikiwa inaunguruma, ili imalize petroli iliyomo kwenye kabureta. Mwaka jana nililala bila kuifunga. Uchafu ulikuwa umekwama kwenye sindano ya kabureta, ile inayozuia petroli kabureta ikishajaa, petroli ikapenya usiku kucha hadi ndani ya injini, na asubuhi fundi alipochomoa kijiti cha kupimia oili, ilidondoka nyepesi kama maji, inanuka petroli. Nililipia oili mpya, lakini kilichonitia hofu ni harufu iliyojaa chumbani, na jiko la mkaa ambalo mke wangu alikuwa karibu kuliwasha.

Injini ilizimika yenyewe langoni. Niliisukuma ndani polepole, mtoto akiwa amelala, nikaegemeza pikipiki mahali pake, nikachuchumaa na kupitisha kidole chini ya koki. Palikuwa pakavu.