Ngoma za masika na mwezi unaozipangia siku

Hapa visiwani Ssese, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, ukitaka kujua sherehe itakuwa lini, tazama mwezi kwanza, kalenda baadaye. Dagaa huvuliwa gizani. Jua likizama mabaharia wanaingia ziwani, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, na wavu unazungushwa chini yao. Mwezi ukipevuka taa hazina kazi tena, maana ziwa zima limeng'aa na dagaa wametawanyika. Mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na vijana waliokuwa wakikesha usiku na kulala mchana wanaonekana tena mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, jioni, wameoga, wamevaa mashati ya kutokea. Hapo ndipo ngoma zinapotolewa ndani.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa. Naishi Kalangala mjini, kwenye kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote katika visiwa 84 vya Ssese. Kazi yangu ni kushuka mwaloni alfajiri, kununua, kuanika, kufunga magunia na kuyavusha bara kwa feri. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ni miezi migumu kwetu. Dagaa anataka jua kali ili akauke akiwa bado anang'aa. Mvua ikimkuta kwenye kichanja anabadilika rangi, ananuka, na bei inaporomoka. Anaishia kuwa chakula cha kuku badala ya kuingia kwenye sufuria ya mtu. Pesa inakuwa haba, watu wako nyumbani. Na kila mwaka naliona jambo lilelile: miezi hii ya mfuko mtupu ndiyo miezi ambayo mwalo unaimba, unacheza na unaigiza kuliko wakati mwingine wowote. Nataka kuliandika hili sasa, Mei Mosi ikiwa imepita juzi tu na miguu yangu bado inauma kwa kucheza, kwa sababu naona linaweza kupotea kwa kosa dogo la kupanga tarehe vibaya.

Chukua Pasaka. Kwa hesabu ya kanisa, Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea Machi 21 au baada yake. Kwa hiyo kila mwaka Pasaka inakuja na mbalamwezi yake, na mvuvi wa dagaa yuko nchi kavu. Mwaka huu mwezi ulipevuka Alhamisi Kuu yenyewe. Kesho yake msalaba ulipobebwa kutoka mwaloni kupanda mlima hadi kanisani, wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, jambo ambalo hulioni Jumapili ya kawaida. Waliupokezana begani, wengine peku kwenye tope jekundu.

Idi el-Fitri haina bahati hiyo. Idi inaandama na mwezi mchanga, giza lenyewe, wakati dagaa wako tele na tajiri wa mtumbwi anataka kila mtu aingie majini. Mwaka huu iliangukia mwezi wa tatu, kama wiki mbili kabla ya Pasaka. Vijana wetu Waislamu walirudi kutoka ziwani kukipambazuka, wakashusha samaki, wakaoga, wakaenda kuswali, kisha wakapiga matari mpaka adhuhuri huku macho yamewaiva kwa usingizi. Matari hayo ni ndugu wa yale ya pwani. Dini yenyewe ilifika huku zamani, katika kasri la Kabaka Suuna wa Pili, mfalme wa Buganda, mwaka 1844, ikiletwa na wafanyabiashara waliotoka upande huo wa bahari. Nilisimama pembeni na beseni langu nikawasikiliza, na nilijua kuwa usiku huohuo watarudi ziwani. Heri Maulidi, inayosomwa siku ya 12 ya mwezi wa Kiislamu wa Mfungo Sita. Siku hiyo mwezi unakaribia kupevuka, na wanakesha wakiwa wamelala vizuri mchana.

Jumatatu ya Pasaka mvua ilinyesha mpaka saa tisa alasiri. Mashindano ya makasia yalikuwa yamemalizika ndani ya mvua hiyohiyo, watu wamejazana chini ya mabati ya soko la samaki, na kila mmoja akiuliza ngoma itaanza saa ngapi. Mzee wetu wa ngoma, ambaye sote tunamwita Jaja, alikuwa amechuchumaa nyuma ya kibanda cha chapati na ngalabi yake.

"Jaja, tuanze saa ngapi?"

"Mwanangu, mimi sijui. Huyu ndiye atakayesema," akanionyesha ngoma.

Ngalabi ni ngoma ndefu, nyembamba, ya kusimama. Ngozi yake ni ya kenge, na imeshikiliwa kwa vigingi vidogo vya mti vilivyopigiliwa kuzunguka mdomo. Ngoma kubwa ikilegea unaweza kuvuta kamba zake. Ngalabi haina kamba za kuvuta, kwa hiyo siku ya unyevu dawa yake ni moto. Jaja aliwasha majani makavu ya mgomba, akauinamisha mdomo wa ngoma juu ya ndimi za moto, akauzungusha, akauinua, akaugusa kwa vidole viwili. Sauti ikatoka nzito, imelowa. Akarudia. Kijana anayejifunza kwake alikuwa anataka kuiacha ngoma pale motoni ipashe haraka. Jaja akamshika mkono, akamgusisha ngozi ya ngoma mgongoni mwa kiganja, akamwambia asubiri. "Ikikuchoma wewe, inamchoma na yeye. Atapasuka." Wakaendelea hivyo kwa zamu, moto, kidole, sikio, moto, mpaka ngozi ikatoa mlio mkavu wa kukata masikio na watu chini ya mabati wakapiga kelele kabla hata hajasimama.

Walianza na bakisimba, ngoma ya Waganda, kama ilivyo heshima ya mahali hapa, maana Ssese ni saza, yaani jimbo, la ufalme wa Buganda. Lakini mwalo ni watu wa kila upande. Wapo waliokuja kwa samaki kutoka Tanzania na Kongo, wapo waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya michikichi. Wakiga walipoingia na kizino ardhi ilitikisika kweli, ile miruko yao ya miguu yote miwili kwa pamoja. Kisha Waacholi wakaingia na larakaraka, vibuyu nusu mkononi wakivichapa kwa vijiti. Kiswahili ndicho kilichokuwa kinatutania na kutupatanisha katikati. Mama mmoja wa Kihaya aliyekuwa karibu nami alicheza zote, moja baada ya nyingine, bila kuuliza ya nani.

Mei Mosi ilikuwa ni zamu ya maigizo, na hapa naomba niende polepole, kwa sababu hiki ndicho kitu kilichonifanya nikae niandike.

Mwezi ulipevuka tena siku hiyohiyo, Ijumaa. Taa za kuvulia hazikuwa na kazi ziwani, basi vijana walizileta, wakazifunga kwenye miti minne, na mchanga ukawa jukwaa. Wadudu wa ziwani walijaa kwenye mwanga mpaka waigizaji wakawa wanawatema. Kikundi ni wanawake wa kwenye vichanja na mabaharia wachache. Mchezo ulikuwa juu ya msichana mgeni mwaloni anayetaka kununua dagaa kwa mkopo, na mwenye samaki anayemwambia mkopo upo, ila malipo yake si ya pesa. Kila mtu pale alijua jambo hilo. Maambukizi ya VVU kwenye jamii za wavuvi wa ziwa hili ni mara kadhaa ya wastani wa nchi, na biashara ya namna hiyo ni mojawapo ya sababu. Sababu nyingine ni kuhamahama: leo mtu yuko Bugala, mwezi ujao amefuata samaki Bukasa, na kliniki anayochukulia dawa imebaki nyuma.

Katikati ya mchezo tajiri mmoja wa mitumbwi, mtu mzima wa kuheshimika, alisimama kutoka kwenye kiti chake akamjibu mwigizaji. Alimwambia, "Usiseme matajiri wote. Sema wale wanaofanya." Yule mama aliyekuwa akicheza msichana hakutoka kwenye nafasi yake hata kidogo. Alimgeukia akamwambia kwa sauti ileile ya msichana, "Basi baba, nionyeshe asiyefanya, kesho alfajiri nikanunue kwake." Watu walinyamaza, kisha wakaanza kutaja majina. Majina ya wenye mitumbwi wanaouza kwa bei moja kwa kila mtu. Mchezo ulisimama pale, ukawa baraza, na baraza lilikwenda mpaka saa nne za usiku. Nimehudhuria mikutano mingi ya uhamasishaji, yenye viti na maji ya chupa. Sijaona mmoja uliofika pale. Uganda ina deni kubwa kwa wasanii katika jambo hili tangu Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyesimama hadharani mwaka 1989 akasema anao UKIMWI, wakati ambapo hakuna mtu mashuhuri nchini aliyekuwa amethubutu. Wanawake wa vichanja wanaendeleza kazi hiyohiyo bila kipaza sauti.

Asubuhi yake mlimani mjini kulikuwa na fundi wa lubugo kutoka upande wa Masaka, na watoto wa shule wamemzunguka. Kitambaa hiki cha gome la mti wa mutuba kinavunwa wakati wa mvua, gome likiwa na maji na linabanduka vizuri. Analikwangua juu, analichana kwa urefu, analivua zima, halafu anaufunga mti majani ya mgomba ili uote gome jingine. Kisha ni kugonga kwa nyundo za mti zenye mifereji, kubwa kwanza, nyembamba mwisho, kwa saa nyingi. UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Sina mengi ya kusema hapo zaidi ya kwamba nilimpa fundi dagaa na yeye akanipa kipande.

Nirudi kwenye mitumbwi ya makasia, maana niliipita mbio. Hata Mwanza na Kisumu mtumbwi wa mbao wa ziwa hili unaitwa sesse, kwa jina la visiwa hivi. Wa zamani haukuwa na msumari. Mbao zilishonwa kwa nyuzi, kama mtepe wa Lamu, na omo yake ilichongoka mbele ikapambwa kwa pembe na manyoya. Leo tunapigilia misumari na kukalafati kwa pamba, ila mapambo hayajafa, yamehamia kwenye rangi. Fundi rangi wetu alipaka mitumbwi yote ya mashindano wiki ile ya mbalamwezi: macho omoni, maua ubavuni, jina la mama wa mwenye mtumbwi kwa herufi zenye kivuli. Uwanja wa zamani wa kupakia rangi mitumbwi ulimezwa mwaka 2020, ziwa lilipopanda mpaka kupita kipimo cha 1964, likachukua vibanda, vyoo na ule mchanga mpana tuliokuwa tukichezea. Tulisogea juu. Tukaanza upya kwenye magugu.

Sasa jambo linaloniuma. Katikati ya Aprili ofisi moja, nisiyoitaja, ilileta siku ya sanaa kwa vijana wa wavuvi. Mahema, spika kubwa, soda, fulana. Tarehe waliyochagua ilikuwa giza totoro. Vijana wote walikuwa wamelala, maana walitoka ziwani asubuhi na wangerudi jioni. Viti vilijazwa na watoto wadogo. Nilimsikia mmoja wa wageni akimwambia mwenzake kuwa vijana wa mwaloni hawana hamu na sanaa, na kwamba afadhali mwakani shughuli ipelekwe kwenye hoteli za ufukweni Lutoboka ambako watalii wapo. Nilitamani awepo pale kwenye moto wa majani ya mgomba. Wapo, ndugu yangu. Wana hamu kuliko wewe na mimi. Ulikuja siku wanayotafuta chakula.

Sina neno na hoteli. Wageni wanalipa, na Jaja anahitaji ngozi mpya ya ngalabi, ambayo si rahisi kuipata. Lakini mchezo ule wa Mei Mosi ukichezwa mbele ya watalii, nani atasimama kumjibu yule msichana? Tajiri wetu hayupo pale, na majina ya wenye mitumbwi hayatatajwa.

Kwa hiyo tumekaa, wanawake wa vichanja, mabaharia na Jaja, tukakubaliana hivi. Mwezi unapevuka tena Jumapili, Mei 31. Wanakwaya wengi watakuwa wameshaanza safari ya hija ya Namugongo kwa ajili ya Siku ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3, kwa hiyo tutacheza Jumamosi ya Mei 30, mwaloni, taa zilezile. Hoteli iliyotualika tumeijibu kuwa tutakwenda, ila Jumapili, baada ya kucheza kwetu. Na barua imepelekwa ile ofisi, imeandikwa na kijana wa boda mwenye mwandiko mzuri kuliko sote, yenye tarehe za mbalamwezi zote mpaka Desemba. Mazoezi ni kila jioni kuanzia Jumatatu, na bado tunatafuta mtu wa kucheza mwenye samaki. Yule wa kwanza amekataa, anasema watu wameanza kumwangalia vibaya sokoni.