Saa ya ns-3 haitazami foleni ya seva

Nilipopewa akaunti kwenye seva ya pamoja ya chuo ili nianze kuiga mitandao kwa ns-3, hofu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba vipimo vyangu vya ucheleweshaji wa pakiti (vifurushi vya data vinavyosafiri mtandaoni) vitayumba kila mwenzangu atakapoanzisha kazi nzito. Hofu hiyo haikuwa na msingi. Katika hali yake ya kawaida, programu hii huria, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008, haifuati saa ya ukutani, bali hushika orodha ya matukio na kuirusha saa yake ya ndani kutoka tukio moja hadi jingine. Seva ikielemewa, utasubiri zaidi, lakini tarakimu zitakuwa zile zile.

Kuiweka hakuhitaji ruhusa ya msimamizi, kwa kuwa msimbo wake hufunguliwa na kujengwa ndani ya folda yako mwenyewe, mradi kompaila ya C++, Python na CMake viwepo. Mimi niliharibu hapo hapo: niliiacha amri ya kujenga ijiamulie idadi ya kazi sambamba, ikajitwalia karibu viini vyote vya prosesa mchana kweupe, na ujumbe wa msimamizi ulionifikia ulikuwa na adabu kuliko nilivyostahili. Siku hizi naweka -j (idadi ya kazi sambamba) na namba ndogo, natanguliza nice, amri inayoipa kazi yangu kipaumbele cha chini, najenga moduli ninazozihitaji tu, na yote hayo nayafanya ndani ya tmux, programu inayoendelea kuishi kwenye seva, ili muunganisho wa SSH ninaoingilia kutoka mbali ukikatika kazi isife.

Mfano wa kuanzia ni first.cc, faili linalokuja na ns-3, nao ningemshauri mgeni asiupite haraka. Nodi mbili, yaani kompyuta mbili za kuigwa, zimeunganishwa kwa kiungo cha megabiti 5 kwa sekunde chenye ucheleweshaji wa milisekunde 2. Katika sekunde ya 2 mteja anatuma baiti 1024, na skrini inaonyesha kwamba zimepokelewa kwenye sekunde ya 2.00369. Nilichukua kalamu nikahesabu. Ukiongeza vichwa ambavyo itifaki za mtandao hubandika kwenye data, yaani baiti 8 za UDP, 20 za IP na 2 za PPP, unapata baiti 1054, yaani biti 8432, ambazo kwa kasi ile huchukua milisekunde 1.6864 kutoka kwenye nodi. Ukijumlisha 2 za njiani unapata 3.6864. Jibu linarudi kwa muda ule ule, ndiyo maana mteja analipokea kwenye 2.00737. Tangu siku hiyo siamini mfano wangu wowote kabla sijaukokotoa walau pakiti moja kwa mkono.

Kurudia jaribio bila kubadilisha kitu hakukupi sampuli mpya, kwani mbegu ya namba nasibu imewekwa tayari na matokeo yatalingana kabisa. Kinachobadilishwa ni RngRun, namba ya mrudio inayochagua mfululizo mwingine wa namba nasibu. Kwa kawaida kila jaribio hutumia kiini kimoja, kwa hiyo naendesha machache kwa pamoja usiku, nikiwa nimejenga kwa wasifu wa optimized (mpangilio wa ujenzi unaolenga kasi), ambao una kasi zaidi ingawa hunyamazisha NS_LOG, yaani ujumbe wa kufuatilia yanayotokea ndani ya programu. Faili za pcap, zinazorekodi kila pakiti iliyopita, nimezizima, maana zinamaliza mgao wa diski upesi mno. Jina la kila faili la matokeo lina namba ya RngRun ndani yake, baada ya usiku mmoja ambapo majaribio manane yaliandika juu ya faili moja.